Stoo ya Mtambaswala

Alivuka daraja kwa miguu, mwezi wa tisa,
ndoo mkono huu, boksi la barafu mkono ule,
akitembea kama mtu aliyebebeshwa mchuzi wa wageni.
"Nandonde," alisema. "Festo. Narudi kwetu Nangomba.
Miaka kumi na mmoja Montepuez, nikitengeneza milango,
na hiki ndicho nilichochuma."

Nikafungua. Mifuko mitatu ya nailoni, imevimba hewa,
ndani samaki wa urefu wa njiti ya kiberiti,
mkia mwekundu kama kucha za bibi harusi,
ubavu wa buluu ambayo kwenye maduka yetu ya khanga haijafika.
Walinitazama kwa jicho moja moja,
kama watu waliochoka foleni.

Karatasi anazo. Cheti cha daktari wa mifugo, muhuri wa Kireno,
tarehe haijapita. Nikagonga wa kwetu kando yake.
Pita.

Majani je? Yamelala kwenye gazeti lililoloa.
"Ya kupanda ndani ya tangi," alisema.
"Samaki bila majani ni mtu kulala chumba kisicho na pazia."
Nilimwelewa. Lakini cheti cha mimea hakipo,
nami nimewahi kuona bwawa lililomezwa na gugu moja
lililoletwa kwa sababu linapendeza.
Tukayachoma nyuma ya ofisi. Yaligoma kuwaka,
yakafuka moshi wenye harufu ya mto.
Alisimama pale mpaka mwisho, kofia mkononi.

Kisha kopo la maziwa. Ndani, udongo mkavu.
"Na huu?"
"Mayai."
Nikachungulia, nikanusa. Udongo.
Akanieleza: dimbwi hukauka, samaki hufa wote, wazazi na wajomba,
mayai hubaki topeni yakisubiri mvua,
mwaka, pengine miwili.
Kalembo wa stoo alicheka hadi akashika meza.
Udongo bila kibali haupiti, uwe na mayai, uwe na dhahabu.
Nikaandika: *Udongo, gramu mia tatu. Umezuiliwa.*
Akasaini, akaacha namba ya simu bila kuombwa,
akapanda bodaboda, mifuko kaipakata.

Kopo likakaa rafu ya juu,
kati ya kiroba cha mbegu na ngozi ya swala yenye kesi.
Tukalisahau.

Desemba ikafungua mbingu.
Bati la stoo lina tundu tangu mkandarasi akabidhi funguo,
na chini ya tundu huwa tunaweka beseni.
Panya, nadhani, ndiye aliyelisukuma kopo.
Haba na haba haikujaza kibaba, ilijaza beseni,
na siku ya tatu Kalembo akaja mlangoni kwangu
hana kicheko.
"Beseni lina macho."

Kweli. Vidoa vyeusi viwili viwili,
mwili bado haujaamua kuonekana.
"Mwaga," nikasema.
Alilibeba hadi kizingitini, akalitua.
"Mwaga wewe, bosi."

Wiki ya kwanza tuliwapa kiini cha yai kilichosagwa,
halafu viluwiluwi wa mbu, wamejaa tele kwenye pipa la nyuma.
Wiki ya tano mkia wa mmoja ukashika wekundu.
Nikatafuta ile namba.

"Wale wenye karatasi," alisema, baada ya kunyamaza kidogo,
"hawakufika hata Mangaka."

Kesho yake alikuja na ndoo ileile.
Nikafungua daftari, maana kitu hakitoki stoo bila mstari.
*Mzigo: samaki hai, kumi na tisa.*
*Nchi ulikotoka:*
Kalamu ikasimama. Kalembo akakohoa.
Lori la korosho lilipita, meza ikatetemeka.
Nikaandika: *Stoo.*

Festo alisaini. Hakucheka.
Aliuliza tu, kwa upole,
kama kule nyuma, pale tulipochoma,
kuna chochote kilichoota.

Sikuwa nimeenda kuangalia.